Kutoka Ruti Hadi Nakivale: Paja la Nguruwe, Maji ya Machungwa na Ujirani Mwema

Msafiri atokaye Kampala kwa barabara ya kusini-magharibi hupita Masaka na Lyantonde, na baada ya mwendo wa kilomita 270 hivi huwasili Mbarara, mji mkubwa wa nchi ya Ankole, ambao tangu tarehe 1 Julai 2020 umepewa hadhi ya jiji. Akiisha kuvuka mto Rwizi, barabara iendayo Ntungamo, Kabale na mpaka wa Rwanda humpitisha karibu na kilima cha Nyamitanga, lilipo kanisa kuu la Wakatoliki, kisha humfikisha Ruti.

Ruti si mahali penye minara wala majumba ya kutajwa katika vitabu. Ni kitongoji cha watu wa kazi: madereva wa malori, mafundi, wachuuzi, watumishi wa serikali na familia zao. Hapo Kinyankole ndicho kinachotawala, lakini Kiswahili hakikosi kusikika, kwa maana Mbarara ni mji wa askari tangu zamani. Kambi ya Simba ilijulikana kote Uganda, na mwezi Februari 1979 majeshi ya Tanzania yalipouteka mji huu, majengo yake mengi yaliangushwa. Mji ulijengwa upya. Lugha ya kambini nayo ikabaki, nayo leo ndiyo inayomwezesha mke wa polisi kutoka Arua kuelewana na mke wa mwanajeshi kutoka Mbale wanapokutana bombani.

Lugha hiyo hiyo ndiyo inayoiunganisha Ruti na mahali pengine palipo mbali kadiri ya kilomita 50 au 60, nako ni makazi ya wakimbizi ya Nakivale katika wilaya ya Isingiro. Makala haya yanafuata njia hiyo, na yanafuata pia kitoweo kimoja ambacho watu hukisifu au kukikwepa, yaani nyama ya nguruwe, hasa paja lake lililotiwa chumvi, liitwalo hemu, na namna ya kulipika kwa maji ya machungwa, malimau na ndimu.

NYAMA YENYE MAJINA MENGI

Ankole ni nchi ya ng'ombe wenye pembe ndefu, maziwa na samli. Mgeni aliyealikwa katika nyumba ya heshima huandaliwa eshabwe, mchuzi mweupe wa samli, pamoja na ugali wa ulezi uitwao karo, au matoke kutoka migomba ya Isingiro. Nguruwe ni mgeni katika nchi hii. Hakuwamo katika mifugo ya mababu, bali alikuja nyakati za Wazungu. Hata hivyo mgeni huyu amepata kiti. Uganda leo ni miongoni mwa nchi za Afrika ya Mashariki zinazokula nyama ya nguruwe kwa wingi zaidi, na jioni hakuna kituo cha njia kuu kisichokuwa na moshi wake.

Mnyankole humwita nguruwe empunu, Mganda humwita embizzi, Mnyarwanda na Mrundi husema ingurube, na mpitaji kutoka Tanzania huagiza kitimoto huku akitabasamu. Majina ni mengi, lakini mapishi ya barabarani ni yale yale: vipande vilivyochomwa juu ya makaa au kukaangwa kwa mafuta yake vyenyewe, vikaletwa mezani na mihogo au matoke, vitunguu na nyanya mbichi, chumvi na pilipili. Wengine hukamulia limau juu yake. Katika kipande hicho cha limau ndimo ulimo mwanzo wa somo letu.

Nyama ya nguruwe ina mafuta mengi, na mafuta huuchosha ulimi upesi. Ukali wa limau huyakata mafuta hayo kinywani, na utamu wa chungwa huipatanisha chumvi. Tena sukari iliyomo katika tunda, ikikutana na moto, hugeuka rangi ikawa ya kahawia na kung'aa. Kwa sababu hizo tatu, wapishi wa nchi nyingi wamezoea kupaka paja la nguruwe maji ya machungwa yaliyochemshwa na sukari au asali, kisha wakalipitisha motoni tena.

HEMU NI NINI?

Hemu ni paja la nyuma la nguruwe lililohifadhiwa kwa chumvi, na mara nyingi likatiwa moshi baadaye. Katika nchi za baridi jambo hili lilifanywa na wakulima tangu kale. Nguruwe alichinjwa majira ya baridi, paja likasuguliwa chumvi na kulazwa kwa wiki kadhaa, na baridi ya nje ikailinda nyama mpaka chumvi ilipofika kwenye mfupa.

Hapa ndipo mama wa nyumbani wa Ruti anapopaswa kuwa mwangalifu. Mbarara iko juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,400, na usiku wake ni wa kupendeza, lakini baridi hiyo haitoshi. Nyama inayotiwa chumvi polepole hutaka ubaridi usiozidi nyuzi 4 au 5 za sentigredi. Paja zima likiwekwa katika pipa la chumvi ndani ya jikoni lenye joto la nyuzi 25, sehemu ya nje itakauka na kuonekana njema, lakini ndani, karibu na mfupa, itaanza kuoza kabla chumvi haijafika. Mpishi hatajua mpaka atakapolikata. Kadhalika, dawa ya shura, ambayo viwandani hutumika kuipa hemu rangi nyekundu na kuzuia sumu, hupimwa kwa mizani ya uangalifu mkubwa; kuitia kwa kukisia ni kuhatarisha maisha.

Kwa hiyo zipo njia tatu tu za busara. Ya kwanza ni kununua hemu iliyokwisha kutayarishwa, katika duka lenye jokofu linalofanya kazi. Ya pili ni kwa mwenye jokofu lake mwenyewe: kulaza kipande kisicho na mfupa katika maji ya chumvi kwa siku mbili. Ya tatu, inayofaa nyumba nyingi, ni kuchukua paja bichi lililochinjwa siku ile ile na kulipika kwa namna ya hemu.

CHUMVI, NDIMU NA MABAHARIA

Wapo wanaodhani kwamba kula nyama pamoja na machungwa ni anasa ya hotelini. Historia inasema vingine. Nyama ya chumvi na matunda makali yalikutana katika vyombo vya baharini, tena kwa sababu ya kifo.

Baharia wa zamani alilishwa nyama ya nguruwe na ya ng'ombe ya chumvi, pamoja na mikate migumu, miezi kwa miezi. Baada ya muda ufizi wake ulivimba na kutoka damu, meno yakalegea, majeraha ya zamani yakafunguka. Huo ni kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C. Mwezi Aprili 1498 merikebu za Vasco da Gama zilipofika Mombasa, zikiwa zimekwisha kuonja ugonjwa huo, mfalme wa mji aliwapelekea mabaharia kondoo, machungwa, malimau na miwa. Matunda hayo yalikuwa yameota katika pwani yetu kabla ya Mreno kuiona, yakiwa yameletwa na biashara ya Bahari ya Hindi kutoka Asia.

Mwaka 1747 daktari Mskoti aitwaye James Lind, akiwa katika manowari Salisbury, aliwachukua mabaharia 12 wenye kiseyeye akawagawa wawili wawili na kuwapa dawa mbalimbali. Wale wawili waliopewa machungwa mawili na limau moja kila siku walipona upesi kuliko wenzao. Hata hivyo ilipita karibu nusu karne, mpaka mwaka 1795, ndipo jeshi la majini la Uingereza lilipoamuru maji ya malimau yawe sehemu ya posho. Askari yeyote aliyepata kuishi kwa chakula cha makopo atafahamu maana ya habari hii. Chumvi huitunza nyama, lakini mtu mwenyewe hutunzwa na tunda.

Tena kuna jambo la kuzingatia: vitamini C huharibiwa na moto. Kwa hiyo maji ya machungwa yaliyochemshwa hutia ladha, lakini nguvu yake ya dawa imepungua. Mpishi mwema huacha sehemu ya ndimu bila kuipika, akaikamua mezani.

MATUNDA YA KUCHAGUA

Machungwa mengi ya Uganda hutoka Teso, upande wa Soroti na Kumi, na mwaka 2019 kiwanda cha matunda kilizinduliwa Soroti. Asiyazoea huyakataa kwa sababu maganda yake ni ya kijani. Hilo ni kosa. Katika nchi zenye joto, chungwa huiva likiwa na ganda la kijani, kwa kuwa ni baridi ya usiku inayolifanya ganda kuwa la manjano. Lichaguliwe kwa uzito: lililo zito mkononi ndilo lenye maji.

Kiswahili kimebarikiwa maneno ya kutenganisha jamii hii ya matunda, nayo yafaa watoto wafundishwe. Chungwa ni tamu. Danzi ni kali na chungu kidogo. Chenza humenyeka kwa urahisi. Limau ni kubwa na la manjano. Ndimu ni ndogo, ya kijani, na kali kuliko limau. Balungi ni kubwa kuliko yote. Kwa kupaka paja la nguruwe, danzi ni bora sana likipatikana, maana uchungu wake huzuia utamu usizidi. Lisipopatikana, machungwa yachanganywe na limau.

NJIANI KWENDA NAKIVALE

Kutoka Mbarara, barabara ya kusini-mashariki huingia wilaya ya Isingiro, nchi ya vilima vilivyovaa migomba. Baada ya hapo vilima hulegea, mbuga hupanuka, na ziwa Nakivale huonekana. Makazi ya wakimbizi yaliyo kando yake yalianzishwa rasmi mwaka 1960 kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya nchi yao, nayo ni miongoni mwa makazi ya kale zaidi ya namna hiyo katika Afrika. Leo yanabeba watu zaidi ya laki moja: Wakongo walio wengi kupita wengine, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na wengineo.

Nakivale haina seng'enge wala lango la kuwafungia watu. Chini ya Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006, mkimbizi katika Uganda aweza kufanya kazi na kutembea. Familia iliyofika hupewa kiwanja cha kujenga na kulima. Pale sokoni Base Camp, Kiswahili cha Kivu hukutana na Kiswahili cha Bujumbura na kile cha Mogadishu kilichojifunzwa Nairobi, na biashara huendelea.

Kwa familia nyingi za Kikongo na Kirundi, nguruwe si kitoweo kwanza, ni akiba. Jike hubeba mimba kwa muda wa miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu, yaani siku 114, na huweza kuzaa watoto wanane au zaidi. Hakuna mfugo mwingine mkubwa unaozidisha mali upesi hivyo. Muhula wa shule ukifunguliwa, nguruwe mmoja huuzwa na daftari hununuliwa. Mgao wa chakula wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani umepunguzwa mara kadhaa katika miaka ya karibuni, na kwa hiyo thamani ya banda la nguruwe nyuma ya nyumba imezidi kupanda.

Akiba hiyo ina adui. Homa ya nguruwe ya Afrika, iliyoelezwa na wataalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1921 nchini Kenya, haimdhuru binadamu, lakini huweza kulimaliza banda zima katika siku chache, wala hakuna dawa ya kuitibu. Huletwa na nguruwe waliougua, viatu na vyombo vichafu, na hata makombo ya nyama ya nguruwe yanayotupwa bandani. Ndiyo maana mke wa askari apikaye hemu hapaswi kumpa mfugaji jirani maji yaliyooshea nyama wala mifupa iliyobaki. Azike mifupa hiyo mbali. Kwa mabaki ya meza moja mtu aweza kumaliza karo ya watoto wa nyumba nyingine.

NAMNA YA KUPIKA

Vitu vinavyohitajika kwa watu 12: hemu au paja bichi la kilo 3, machungwa 4, limau 1, ndimu 2, sukari vijiko 4 vya mezani, au asali, haradali ya unga kijiko 1 cha chai, karafuu punje 20, kitunguu 1, pilipili manga punje 10.

1. Ikiwa nyama ni hemu ya chumvi nyingi, iloweke usiku mzima katika maji baridi, na kuyabadilisha mara moja. Ikiwa ni paja bichi, lisugue kwa vijiko 2 vya chumvi na vitunguu saumu vilivyopondwa, kisha lipumzike saa moja mahali pa baridi. Mwenye jokofu aweza kuchemsha lita 2 za maji na gramu 120 za chumvi, gramu 60 za sukari na maganda ya chungwa moja. Maji yakiisha kupoa kabisa, akazamisha kipande kisicho na mfupa, cha kilo 1 na nusu hadi 2, kwa siku mbili ndani ya jokofu. Hicho hakilowekwi tena.

2. Weka nyama katika sufuria kubwa, mimina maji baridi yaifunike, tia kitunguu, pilipili manga na ganda la chungwa. Yakianza kuchemka, punguza moto. Hesabu dakika 25 kwa kila nusu kilo, na dakika 25 za kuongeza. Kwa kilo 3 ni saa 3 kasoro dakika 5. Katika nchi ya juu kama Mbarara maji huchemka kwa nyuzi 95 hivi, wala si 100, kwa hiyo mtu asifanye haraka. Nyama iwe imeiva hata karibu na mfupa, na maji yake yatoke meupe. Mwenye kipimajoto aone nyuzi 71 ndani ya sehemu nene.

3. Itoe nyama, ondoa ngozi lakini uache mafuta. Chora mafuta kwa kisu, mistari ya kukatana kama mkeka, na katika kila pembe uchomeke karafuu moja.

4. Kamua machungwa 3 na limau. Chemsha maji hayo pamoja na sukari na haradali mpaka yawe mazito kama asali nyepesi. Paka nusu yake juu ya nyama.

5. Oka katika jiko la joto la nyuzi 200 kwa nusu saa, ukipaka iliyobaki kila baada ya dakika 10. Usiache jiko, kwa kuwa sukari huungua ghafla.

Asiye na jiko la kuokea asikate tamaa. Atwae sufuria nzito, atie mchanga mkavu wa unene wa vidole viwili, aweke mawe matatu na juu yake sahani ya bati yenye nyama. Afunike kwa mfuniko mpana wa chuma na kuuwekea makaa juu, makaa kidogo chini. Joto la juu ndilo linalong'arisha. Kama asali imetumika badala ya sukari, mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe.

MCHUZI UNAOVUKA UA

Katika Nakivale, kama katika nyumba za safu za polisi, watu wa imani mbalimbali hupika wakitazamana. Msomali Mwislamu hali nguruwe. Msabato hali. Mwethiopia wa kanisa la Orthodoksi hali. Mkongo na Mrundi wa makanisa mengine hula, na sikukuu hutamani kugawa. Hapo moyo mwema waweza kuleta fedheha, kama mtu hakufikiri kwanza.

Fikiria mama wa Kikongo aliyempikia jirani yake wa Kisomali mchuzi wa machungwa siku ya Krismasi.

"Karibu dada, onja mchuzi huu."

"Ahsante mama. Niwie radhi kwa kuuliza: haukuguswa na ile nyama?"

"La, dada. Nimeupika asubuhi, kabla ya kila kitu, na sufuria ni ile ya maziwa ya watoto. Hata mwiko ni mwingine."

"Basi niletee, mama. Nami nitakuletea ndizi na pilipili yetu."

Swali la yule dada lilikuwa la haki, na jibu la mama lilikuwa la heshima. Asingekuwa na jibu hilo, mchuzi ungalirudi ulivyokuja, na majirani wangaliepukana mpaka Pasaka. Kwa hiyo mchuzi wa kugawa upikwe mbali, katika chombo ambacho hakikupata kuguswa na nyama ya nguruwe wala mafuta yake, na usikorogwe kwa kijiko cha nyama. Jirani akikataa hata hivyo, asilazimishwe wala asisemwe.

Mchuzi wenyewe hufanywa hivi. Kaanga kitunguu 1 kwa kijiko kimoja cha mafuta ya mbegu. Tia vitunguu saumu punje 3, tangawizi iliyopondwa, pilipili 1 na chumvi kidogo. Mimina maji ya machungwa 4, ganda lililokunwa kijiko 1, na sukari vijiko 2. Chemsha dakika 10. Koroga kijiko 1 cha wanga wa mahindi katika maji baridi, utie, ukoroge mpaka uwe mzito. Epua, ndipo ukamulie ndimu 2. Mchuzi huu humfaa mla hemu, humfaa mla kuku na mla mbuzi, na humfaa hata asiyekuwa na nyama, akiumwagia matoke. Wasomali nao wana basbaas, pilipili za kijani zilizosagwa na vitunguu saumu, majani ya giligilani na ndimu, ambayo ikiwekwa kando ya hemu huifanya nyama iwe nyepesi kinywani. Paja la nguruwe halivuki ua, lakini ndimu huvuka na kurudi.

TEGU HAJUI MPAKA WA DINI

Limebaki jambo zito kuliko yote. Nyama ya nguruwe aliyeachwa kuzurura huweza kuwa na vijifuko vyeupe, mfano wa punje za mchele. Hayo ni mabuu ya tegu. Alaye nyama hiyo bila kuiva hupata tegu tumboni. Maji ya ndimu hayawaui mabuu hao, hata nyama ikilowekwa usiku kucha na kugeuka rangi; kinachowaua jikoni ni moto wa kutosha. Nyama yenye punje isinunuliwe, na nyama isiyo na muhuri wa mkaguzi isiingie nyumbani.

Lakini wengi hawajui sehemu ya pili ya habari. Mwenye tegu hutoa mayai ya mdudu huyo chooni. Asiponawa mikono, mayai hufika katika chakula na maji, na yeyote ayamezaye huweza kupata mabuu mwilini, hata katika ubongo, yakamletea kifafa. Huyo aliyeyameza si lazima awe amekula nguruwe hata siku moja. Mwaka 1992 madaktari wa New York, Marekani, walitangaza habari za ugonjwa huu katika nyumba za Wayahudi washika dini, wasiogusa nyama hiyo kabisa. Walioshukiwa kuuleta ni watumishi wa nyumbani waliotoka katika nchi zenye tegu, nao hawakujua kwamba walikuwa nao.

Basi mla nguruwe ana deni kwa jirani asiyekula. Deni hilo hulipwa kwa choo kinachotumika, sabuni kando yake, banda lililofungwa, mboga zilizooshwa kwa maji safi, na kwenda hospitali kutafuta dawa ya tegu mara dalili zinapoonekana. Mtoto akianza kuanguka kifafa, apelekwe kwa daktari. Asifichwe ndani wala asiambiwe amerogwa.

Mto Rwizi unatufundisha jambo hilo hilo. Huanzia katika vilima vya Buhweju, ukapita Mbarara ukiwatenganisha watu wa Nyamitanga na Ruti na wenzao wa katikati ya mji, kisha ukashuka mashariki na kulisha maziwa ya Mburo na Nakivale, ambayo tangu mwaka 2006 yamo katika orodha ya ardhi oevu zinazolindwa kwa mkataba wa Ramsar. Uchafu utupwao juu hushuka kwa yule achotaye chini, ambaye pengine ni mkimbizi aliyekwisha kupoteza vya kutosha.

Mama wa Ruti akipanga kupika paja la nguruwe kwa sikukuu, na aanze siku moja kabla. Achague nyama yenye muhuri, machungwa mazito, ndimu za kutosha, na sufuria mbili zisizochanganyika. Mchuzi wa majirani aupike kwanza. Nyama ije baadaye, iive mpaka mfupani, ipakwe na kung'arishwa, na mikono inawe kabla na baada. Wageni wakiisha kuketi, kila mmoja atajua ni bakuli lipi lake, na hapana atakayehitaji kuuliza mara mbili.